Mbegu za jike hazishiki kwa sababu mnahimilisha mapema

Kila banda la ng'ombe wa maziwa ninaloingia nakuta lalamiko moja: "Daktari, zile mbegu za jike ni ghali na hazishiki." Ni mbegu za dume zilizochambuliwa ili ng'ombe azae ndama jike. Nikiuliza ng'ombe alihimilishwa saa ngapi, yaani aliwekewa mbegu na mtaalamu badala ya kupandwa na dume, naambiwa alionekana kwenye joto, yaani anataka dume, saa 12 asubuhi, na kufika saa 3 mhimilishaji alikuwa ameshamaliza kazi. Pesa imepotelea hapo.

Mbegu hizi zimechambuliwa mojamoja kwa mashine. Inayozaa jike ina vinasaba vingi kidogo kuliko inayozaa dume, kwa karibu asilimia 4, kwa hiyo hutiwa rangi, humulikwa kwa leza na kutengwa. Ndiyo maana ndama 9 hivi kati ya 10 huwa majike. Lakini kazi hiyo inazichosha. Mrija wa kawaida, yaani kijibomba kinachohifadhi mbegu zilizogandishwa, huwa na mbegu milioni 15 hadi 20. Huu wa mbegu za jike mara nyingi una milioni 2 hadi 4 tu, na ndani ya kizazi uhai wake ni mfupi. Yai nalo hutoka saa 24 hadi 32 hivi tangu ng'ombe aanze kusimama apandwe. Ukiwahi, zinakufa zikilisubiri.

Himilisha kati ya saa 16 na 24 tangu asimame. Kulia, kunusa na kupanda wenzake havihesabiwi! Hesabu inaanza pale anapopandwa akatulia.

Ukimkagua saa 3 asubuhi hajasimama, saa 6 mchana ukamkuta amesimama, mhimilishaji aje kesho yake kuanzia saa 12 asubuhi, isipite saa 3. Ukimkuta alfajiri amesimama ilhali saa 3 usiku alikuwa bado, huenda alianza usiku wa manane, basi ahimilishwe saa 12 jioni. Na kama usiku hukumkagua kabisa, usibahatishe kwa mrija wa bei hiyo: tumia mbegu za kawaida. Nimelisema hili kwenye mikutano mpaka sauti imekauka, na bado watu wanakagua joto mara moja kwa siku, wakati wa kukamua. Kagua alfajiri, mchana, jioni na saa 3 usiku, nusu saa kila mara, na uandike.

Mbegu hizi wape mitamba (majike ambao hawajazaa) wenye afya waliofikia uzito wa kuhimilishwa. Ng'ombe aliyehimilishwa akarudia joto mara mbili asipewe.

Mrija uyeyushwe bandani kwako, ng'ombe akiwa tayari amefungwa: maji ya nyuzi 35 hadi 37, sekunde 45, kisha utumike ndani ya dakika 10. Maji yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole. Asiyerudi kwenye joto kati ya siku ya 18 na 24 huenda ameshika. Apimwe mimba akifikisha siku 60.

Mhimilishaji akifika bila kipimajoto, mrija ubaki ndani ya mtungi wa naitrojeni, ule unaouweka ukiwa umeganda, mpaka kipatikane.