Mbwa wa Amboni katokea Mombasa au Moshi? Namna ya kuifuatilia stori ya kutisha mpaka ilikotoka

Kama umekulia Tanga basi hii umelishwa pamoja na uji. Kwamba mapango ya Amboni aliingia mzungu na mbwa wake, hawakutoka, watu wakasubiri weee, baadae mbwa akaja kuokotwa Mombasa. Au Kilimanjaro, inategemea nani anakusimulia. Mie wa kwanza kunipa ni bibi, na kwa bibi mzungu alikuwa mmoja na mbwa alitokea Mombasa mzima wa afya. Nimefika sekondari mbwa kafa, wazungu wamekuwa wawili, mume na mke. Juzijuzi kijana wa bodaboda ananipeleka Kiomoni, kijiji cha hapo karibu na mapango, ananiambia walikuwa wanajeshi na mbwa alitokea Moshi hana hata unyoya mmoja. Hana manyoya! Hapo ndo nikaona hii kitu niishike kabla haijaota mabawa.

Sasa nimeshazifuatilia kadhaa za namna hii, na watu wananiuliza unaanzaje, kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya mimi. Sio utaalamu, ni daftari, simu, na uvumilivu wa kukaa barazani.

Kitu cha kwanza kabisa, iandike kama ilivyo. Usiinyooshe. Mtu akikwambia mbwa hana manyoya andika hana manyoya, akikwambia ilikuwa "zamani za Mjerumani" andika hivyohivyo hata kama unajua amechanganya. Pembeni weka tarehe uliyoambiwa, mahali, na umri wa msimuliaji kwa kukadiria, jina sio lazima. Faida yake utaiona ukishakuwa na matoleo matano sita ya stori moja, ukiyapanga kwa umri wa wasimuliaji unaona kabisa kipi kimeongezwa juzi na kipi kipo kwa wote. Kilichopo kwa wote ndo mfupa, mengine nyama tu. Kwa Amboni mfupa ni huu: mgeni, mbwa, shimo halina mwisho. Basi.

Kwa wazee usiende na swali la mzimu mkononi. Shikamoo yako, ukae, uulize mtaa ulikuwaje zamani, nani alikuwa na duka, njia ilipita wapi, ule mbuyu umekatwa lini. Stori itakuja yenyewe. Ukianza na "eti babu hapa kuna mzimu?" atakwambia hakuna, au atakupa ile ya watalii. Na kabla hujawasha kurekodi omba ruhusa, wengine hawataki sauti zao zizunguke kwenye magrupu na wana haki.

Halafu kuna hili la maneno, wengi wanalipita. Muulize msimuliaji anasema NINI hasa. Mzimu? Jini? Pepo? Mzuka? Kibwengo? Siku hizi vijana tunayaweka yote fungu moja, lakini kwa mzee wa pwani mzimu mara nyingi ni mahali, pango au mti au kaburi linapopelekwa ubani na nadhiri, sio mtu mweupe anayeelea usiku. Ndani ya Amboni upo Mzimu wa Mabavu, watu wanaenda kuomba, wengi ni wanaotafuta mtoto, na utakuta vitu walivyoacha. Sasa kijana akisikia "mle kuna mzimu" anaelewa kuna ghasia, kumbe mzee alikuwa anamaanisha kuna mahali pa kuombea. Nusu ya stori za mizimu nilizofuatilia ziliishia hapo tu, neno limebadilika maana njiani.

Hatua inayofuata ni kutafuta mdomo wa kwanza. Nani aliona kwa macho? Utaambiwa shemeji yake rafiki yangu. Mfuate shemeji, atasema sio mimi, ni mlinzi wa pale kiwandani. Mlinzi atasema yeye aliikuta. Mie nikishapanda ngazi tatu na kila mtu anasema "niliambiwa" naandika HAINA SHAHIDI na naendelea na mambo mengine. Usigombane na mtu, usimwambie muongo, maana mara nyingi hakudanganyi, anaamini kabisa aliyemwambia aliona.

Baada ya hapo pima. Namaanisha pima kweli, kwa kilomita. Stori nyingi zinakufa kwa ramani. Mapango ya Amboni yapo kama kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini, chokaa tupu, popo kibao, mto Mkulumuzi upo hapohapo. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima wakakuta ni mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote linaenda mita 900 kutoka mlangoni. Mita mia tisa. Mombasa hata ukienda moja kwa moja kama kunguru ni zaidi ya kilomita 100, na Kilimanjaro inakaribia 300. Kwa hiyo mbwa wetu pole yake.

Ila usifunge daftari hapo, na hapa ndo panaponinogea mimi. Mbwa hayupo lakini watu kupotelea kwenye yale mapango ni kweli kabisa. Miaka ya 50 Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walikuwa wanatafutwa na serikali ya mkoloni na walijificha humo, watu wa Tanga mpaka leo wanawasimulia kama majambazi waliokuwa wanawanyang'anya matajiri na kuwapa wanyonge. Fikiria askari anamfukuza mtu, mtu anaingia kwenye jiwe, hatoki. Wewe ungesema nini kijijini jioni ile? Mie naamini, hayo ni maoni yangu, kwamba lile shimo refu mpaka Mombasa limenenepeshwa sana na habari za akina Otango. Kila ukiua kipande cha stori tafuta kitu gani cha kweli kilikuwa kinakilisha.

Namba nazo ziogope. Mfano mzuri ni simba wa Tsavo, Kenya, mwaka 1898, wale waliokuwa wanakula vibarua wa reli ya Uganda. Waliuliwa wote wawili Desemba ile, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29, na J. H. Patterson aliyekuwa anajenga daraja. Hesabu ya reli ilikuwa Wahindi 28, Waafrika hakuna aliyewahesabu vizuri (hilo nalo linasema mengi). Patterson mwenyewe baadae, wakati simba wameshauzwa kwa makumbusho kule Chicago, anataja 135. Mwaka 2009 wanasayansi wakapima mifupa na manyoya ya simba haohao kujua walikula nini, makadirio yakatoka watu kama 35. Ona hapo, simba walewale, na kutoka 28 mpaka 135 idadi imepanda mara karibu tano. Sasa kama namba iliyoandikwa kwenye kitabu inafanya hivyo, namba ya kijiweni itafanyaje? Ukiambiwa "wamekufa saba kwenye lile bwawa" uliza lini, nani, wamezikwa wapi. Ukipata wawili shukuru.

Angalia pia kama stori ni ya kwenu kweli. Ile ya dereva anampa lifti binti usiku, anamuazima koti, kesho anaenda kwao kulichukua anaambiwa binti alishakufa, koti analikuta juu ya kaburi. Dar wanayo, Nairobi wanayo, kila mji mwenye gari anakuapia ilitokea kwao na barabara atakutajia. Chicago wanayo tangu miaka ya 30, wanamwita Resurrection Mary, anasimamisha magari barabara ya Archer karibu na makaburi yenye jina hilohilo. Tofauti na yule mrembo wa Mombasa wa buibui, unamfuata mpaka chumbani unaangalia chini unakuta kwato, huyo ana harufu ya pwani kabisa, bahari na ubani na wanaume wasiolala kwao. Ukikuta stori ipo kila mahali maana yake sio kwamba haifai, ila usipoteze mwezi kutafuta kaburi la binti.

Sasa mwaka. Huu ndo ufunguo ninaoupenda kuliko wote, yani usiulize tu "ni kweli?" uliza "kwa nini wakati ule?" Chukua popobawa, lile zimwi linalosemwa linavamia watu usiku vitandani. Pemba 1995, hofu ikavuka ikaja Unguja mpaka bara, watu wanalala nje kwenye makundi wanawasha moto, na mwaka huohuo ndo uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, watu wana presha, majirani wanaangaliana vibaya. Wazee wengine wanairudisha nyuma mpaka mara baada ya mapinduzi ya 1964. Sikwambii siasa ndo popobawa, nakwambia angalia kalenda. Halafu angalia mashine ya ndani ya stori yenyewe: anayekuvamia anakuamrisha uwaambie wenzio, usiposema anarudi. Hebu ona ilivyotengenezwa, stori inayokulazimisha uisambaze! Meseji za "tuma kwa watu kumi" zimeikuta hiyo njia ishachongwa.

Na dalili walizokuwa wanasema wengi, umelala, umeamka, kitu kizito kifuani, huwezi kupiga kelele wala kunyanyua kidole, hiyo Kiswahili tunayo siku nyingi, jinamizi. Madaktari wanaieleza kwamba ukiota ubongo unafunga misuli usije ukarusha mateke, sasa ukiamka kabla haijafunguka unakuwa macho ndani ya mwili uliofungwa na ndoto inaendelea mbele yako. Mie limenipata mara mbili, zote nimelala chali nimechoka, na nakuhakikishia ile saa hakuna mtu wa kukwambia habari za misuli.

Mumiani, zile stori za wanyonya damu, hivyohivyo, ukiifuata unakuta dawa. Mumiani ni kitu cheusi kama ulimbo kilicholetwa kutoka Uajemi, kinapakwa kwenye mfupa uliovunjika au kinayeyushwa na samli unakunywa. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939 inaeleza hayo na papo hapo inasema watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na uvumi ukianza mji mzima haukanyagi nje baada ya magharibi. Ndo baadae uvumi wa kunyonya damu ukahamia kwa wazimamoto, gari jekundu, king'ora, watu wenye yunifomu, Nairobi na Kampala na Dar kote. Kwa hiyo kamusi za zamani zipekue, ni ghala. Na magazeti: Mambo Leo lilianza 1923 na watu walikuwa wanaandika barua kama tunavyokoment leo. Nyaraka za Taifa zipo Upanga Dar, Zanzibar zao zipo Kilimani, Nairobi zipo Moi Avenue. Ukienda nenda na mwaka na jina la mahali, ukiingia na "natafuta stori za kutisha" utaangaliwa tu.

Hapa nisikilize vizuri. Usiandike jina wala nyumba ya mtu aliye hai. Kile kikongwe mnachokiita mchawi kina wajukuu. Mwaka 1995 Unguja mtu aliuawa na wananchi kwa kudhaniwa ndiye popobawa, binadamu, mgonjwa wa akili. Mwaka 2017 Malawi kusini uvumi wa wanyonya damu uliua watu mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya mbili. Yote yale yalianza kama stori ya kusisimua jioni. Ukiona inaanza kutaja mtu, iache.

Kwenda mahali penyewe nenda mchana, na mwenyeji, lipa kiingilio, viatu vya kukanyaga utelezi, tochi mbili sio ya simu peke yake. Usiguse vitu vya nadhiri wala kupiga selfi navyo. Usiku utaona popo na polisi.

Na zipo ambazo utafuata vyote hivyo na bado. Magofu ya Gede, kule Kilifi, Kenya, mimi nimeshaenda mara tatu. Mji mzima wa mawe katikati ya msitu, msikiti mkubwa, jumba la mfalme, kaburi limeandikwa mwaka 802 wa Hijria yani 1399, vyombo vya Kichina, na mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948. Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, kilomita 15 tu kutoka hapo, na kwenye maandishi yao mji huu hawautaji. Halafu kwenye miaka ya elfu moja mia sita watu wakaondoka moja kwa moja. Wapo wanaosema visima vilikauka, na kweli kuna kisima pale kilichimbwa zaidi kufuata maji, wapo wanaosema mashambulizi kutoka bara, wapo wanaosema tauni. Wenyeji watakwambia pana wenyewe. Ukifika kwenye kama hii andika zote, kila moja na aliyeisema, uache nafasi chini ya ukurasa.

Nikirudi kwetu, nimeshawaambia vijana wa bodaboda habari ya mita 900. Wamenisikiliza, mmoja akasema "sawa bro, lakini hao Wajerumani walipima yale waliyoyaona." Nimeiandika hiyo nayo, na tarehe. Na mbwa wa bibi kwenye daftari langu bado yuko Mombasa, mzima wa afya, na manyoya yake yote.