Somo: Kupandisha MikroTik kutoka RouterOS 6 kwenda 7 bila kuwaacha wateja gizani

Wakuu, habari za kazi. Maswali ya kupandisha toleo la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, yamekuwa mengi, na mengi yanakuja jahazi likiwa limeshazama: "nimebonyeza, imezima, haijarudi." Basi leo tuliweke somo mahali pamoja. Nalenga wenye hotspoti za vocha, wanaosambaza intaneti mtaani kwa PPPoE (kila mteja huingia kwa jina na paswedi yake), na walioachiwa ruta ya ofisi bila maelezo yoyote. Amri zote zinaandikwa kwenye terminali ya Winbox, programu ya kompyuta ya kusimamia ruta hizi.

Kwanza, kuna haja gani? RouterOS 7.1, toleo thabiti la kwanza la familia ya 7, ilitoka Desemba 2021. WireGuard (aina ya VPN) unaipata huko tu, na CAKE na FQ-CoDel, foleni za kugawa kasi bila kuchelewesha, vilevile. Familia ya 6 imeishia kwenye 6.49. Ukiwa kwenye 6.49 ya mwisho na kila kitu kinaenda, hakuna anayekufukuza, jipange taratibu. Lakini ukiwa chini ya 6.42.1 (isipokuwa 6.40.8 na 6.40.9), acha kusoma kwa starehe. Tundu la Winbox la 2018, CVE-2018-14847, humruhusu mtu yeyote anayeifikia poti 8291 kuchukua faili la watumiaji pamoja na paswedi zao. Kiraka kilitoka Aprili mwaka huohuo. Wengi hawakukiweka, na ruta nyingi, hasa Brazil, zikageuzwa kuwachimbia wengine sarafu za kidijitali.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi hulipita. Mwaka 2021 ulizuka mtandao wa vifaa vilivyotekwa ulioitwa Meris, ukaishambulia Yandex, kampuni ya intaneti ya Urusi. MikroTik wakaeleza kwamba ruta zilizotumika ni zilezile zilizoingiliwa 2018. Kupandisha toleo huziba tundu, lakini aliyeondoka na paswedi yako bado anayo. Kwa hiyo kubadilisha paswedi ni sehemu ya kazi hii, usiiache ukadhani ni pambo.

HATUA YA 1: Ijue ruta yako

/system resource print
/system package print
/system routerboard print

Tazama architecture-name, version, total-memory na free-hdd-space. Ukikosea architecture (aina ya prosesa), faili utakalopakua halitakubali: la mipsbe haliingii kwenye arm, wala la mmips kwenye smips. Mfano, hAP lite ni smips, ina RAM ya MB 32 na hifadhi ya MB 16. Kwa maoni yangu hiyo ibaki 6.49, ifanye kazi ndogo ya nyumbani, na poti ya Winbox ifungwe upande wa intaneti. hEX RB750Gr3 ina RAM ya kutosha, MB 256, ila hifadhi yake nayo ni MB 16. Hiyo inapanda vizuri ukiifanyia usafi kwanza.

HATUA YA 2: Bekapu mbili, zote zitoke nje ya ruta

/system backup save name=kabla-v7 password=WekaYako
/export file=kabla-v7

Ya kwanza inatoa faili la .backup, ambalo hulisomi kwa macho na linafaa kurudishwa kwenye ruta ileile. Ya pili inatoa .rsc, maandishi matupu unayoweza kuyafungua popote na kunakili mstari mmoja mmoja hata kwenye ruta ya aina nyingine. Ndiyo maana unahitaji zote mbili. Kwenye toleo la 6, export huonyesha paswedi za PPPoE waziwazi, kwa hiyo usilitupie faili hilo kwenye grupu la WhatsApp ukiomba msaada. Kwenye 7 zinafichwa mpaka uongeze show-sensitive. Paswedi za kuingilia kwenye ruta hazimo kwenye export ya toleo lolote, ziandike pembeni.

Yavute mafaili yote kutoka kwenye Files hadi kwenye kompyuta, kisha lifungue lile la .rsc ulisome mpaka mwisho. Ukikuta mstari ulioandikwa #error exporting, sehemu hiyo haikuchukuliwa, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko saa tisa usiku.

Wenye User Manager, sehemu inayotunza vocha na akaunti za wateja, ongezeni hii:

/tool user-manager database save name=um-kabla-v7

HATUA YA 3: Umeme, muda na mtu wa kushika kebo

Ruta iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika inapoandika mfumo kwenye hifadhi, ndipo ruta nyingi zinapolala moja kwa moja. Watangazie wateja mapema, kisha chagua saa ambayo hata wacheza gemu wamelala. Na kama ruta iko juu ya mnara Kibaha nawe uko Mbagala, usiiguse mpaka awepo mtu pale chini mwenye kompyuta na kebo ya mtandao. Safe mode haikusaidii hapa. Inafuta mabadiliko ya mipangilio muunganisho ukikatika, lakini hairudishi toleo la zamani.

Pakua Netinstall (programu ya kuweka mfumo upya kupitia kebo) na mafaili ya .npk, yaani ya mfumo wenyewe, ya matoleo yote mawili, la zamani na jipya, kabla ya kuanza. Intaneti ikishakatika utapakulia wapi?

HATUA YA 4: Panda kwa vituo

Anza kwa kufika 6.49 ya mwisho:

/system package update set channel=long-term
/system package update check-for-updates
/system package update install

Ruta itajizima na kujiwasha. Ikisharudi, iache ifanye kazi, hata siku moja mbili, uone kama iko sawa. Kisha:

/system package update set channel=upgrade
/system package update check-for-updates
/system package update install

Usishangae ikikupeleka 7.12.1 badala ya toleo la karibuni kabisa. Kuanzia 7.13, wireless (sehemu ya Wi-Fi) ilitolewa kwenye mfumo mkuu ikawa pakiti, yaani kipande cha programu, inayojitegemea, na 7.12 ndiyo inayojua kukuchukulia pakiti hiyo unapopanda juu zaidi. Ukiruka kituo hiki kwa kuweka .npk moja kwa mkono, Wi-Fi inaweza kutoweka. Ukishatua hapo, badilisha chaneli iwe stable au long-term, uendelee. Kwa ruta inayolisha wateja mimi huchagua long-term. Vipya vya stable wacha wengine wavionje kwanza.

HATUA YA 5: Usisahau RouterBOOT

Huu ni mfumo mdogo unaoiamsha ruta, na haupandi wenyewe. Kwenye /system routerboard print, linganisha current-firmware na upgrade-firmware. Zikitofautiana:

/system routerboard upgrade
/system reboot

HATUA YA 6: Kagua kabla ya kulala

Soma /log print, tafuta mistari yenye error au critical. Pima kila laini ya intaneti peke yake. Ingia kwenye hotspoti kwa simu yako, kama mteja, kwa vocha halisi. Halafu pita kwenye /user, /system scheduler, /system script, /ip socks na /ip proxy. Ukikuta mtumiaji usiyemjua, au kazi ya ratiba inayopakua faili kutoka anwani usiyoijua, ruta hiyo ilishaingiliwa. Isafishe kwa Netinstall, usiishie kufuta mstari ule mmoja. Ikiwa safi, badilisha paswedi, kisha kwenye /ip service zima telnet, ftp na chochote usichotumia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: Mkuu, asante kwa somo. Nina laini mbili za intaneti, nazigawia mzigo kwa PCC. Nilichukua ruta mpya yenye 7, nikabandika skripti yangu ya zamani, laini ya pili haipiti kitu.

Jibu: Kwenye 6 ungeweza kuandika jina lolote kwenye routing-mark (alama ya njia), likakubaliwa. Kwenye 7 jedwali la njia lazima liwepo kwanza:

/routing table add name=laini2 fib

Neno fib usilisahau, bila hilo jedwali lipo ila halipitishi kitu. Kisha kwenye /ip route weka routing-table=laini2 pale palipokuwa na routing-mark. Kwenye mangle, sehemu ya fayawoli inayoweka alama, unaendelea na new-routing-mark kama kawaida. Anayepandisha ruta ileile huwa anabadilishiwa na mfumo wenyewe, lakini akague tu.

Mombasa: Habari mwalimu. Baada ya kupandisha, ukurasa wa /userman haufunguki na vocha sizioni. Wateja wananipigia simu hapa nimechanganyikiwa.

Jibu: Pole dada, vocha hazijapotea. User Manager iliandikwa upya kwenye 7. Usimamizi sasa unafanyika ndani ya Winbox, na ukurasa wa /um/ umebaki kwa mteja kuangalia akaunti yake. Hakikisha pakiti ya user-manager ipo na ni ya toleo lilelile la mfumo, kisha iwashe:

/user-manager set enabled=yes

Baada ya hapo tumia /user-manager database migrate-legacy-db, na database-path uielekeze kwenye folda yenye hifadhidata ya zamani. Mwisho tazama /user-manager router: anwani na neno la siri vifanane na vilivyo kwenye /radius. Visipofanana, vocha zote zitakataliwa hata kama unaziona kwenye orodha.

Dodoma: hEX yangu inasema haina nafasi ya kutosha. Ndani hamna faili hata moja.

Jibu: Tazama pakiti. hEX hiyo haina redio ya Wi-Fi, kwa hiyo kama uko 7.13 au juu yake, pakiti ya wireless inakula nafasi bure. Andika /system package uninstall wireless, kisha uiwashe upya (kuanzia 7.18 tumia /system package apply-changes). Ku-disable tu hakuachi nafasi. Kama bado uko 6, ondoa pakiti za ziada usizotumia kwa njia hiyohiyo.

Arusha: Nikijuta, naweza kurudi 6?

Jibu: Angalia factory-software kwenye /system resource print. Ruta iliyotoka kiwandani na 7 hairudi 6. Nyingine: weka .npk ya zamani kwenye Files, andika /system package downgrade, kisha rudisha ile .backup uliyoichukua ukiwa bado 6. Ya 7 usiirudishe huko.

Kisumu: Boss, stima zilipotea katikati. Sasa taa zinawaka lakini ruta haionekani hata kwenye Winbox.

Jibu: Netinstall, kaka. Ipe kompyuta anwani ya kudumu 192.168.88.2, zima Wi-Fi na fayawoli ya Windows. Chomeka kebo kutoka kwenye kompyuta hadi poti ya 1 ya ruta, au ile iliyoandikwa BOOT. Kwenye Netinstall, washa Net booting na uweke 192.168.88.3. Chomoa umeme wa ruta, bonyeza reset na uishikilie, chomeka umeme, usiachie mpaka ruta ionekane kwenye orodha. Ichague, chagua .npk ya architecture yako, bonyeza Install. Isipoonekana, weka swichi ndogo ya kawaida kati ya kompyuta na ruta: kompyuta nyingine huchelewa kuamsha poti, na ruta inakata tamaa kabla. Mipangilio itafutika, hapo ndipo .backup inakuja kazini. Leseni inabaki ndani ya ruta, hununui nyingine.