SOMO: Kupima tija ya utafiti ya wahadhiri wa famasia wenye PharmD na PhD

Swali linalonijia PM kila mara ni hili: wahadhiri wenye shahada zote mbili, PharmD (Udaktari wa Famasia) na PhD, wanatoa utafiti kiasi gani wakilinganishwa na wenzao wenye moja tu? Kwa hiyo najibu hapa. Mfano ni vyuo vya Marekani, kwa sababu kule PharmD ndiyo shahada ya kuingilia taaluma, na wapo wahadhiri walioiongezea PhD ya utafiti.

1. Kusanya majina kwenye tovuti za vyuo: shahada, cheo, idara, mwaka wa kuajiriwa.

2. Chagua hifadhidata moja ya makala za kisayansi, Scopus au Web of Science, ubaki nayo. Google Scholar huhesabu hadi tasnifu, namba zake huwa kubwa.

3. Hakiki majina yanayofanana kwa ORCID, namba ya utambulisho ya kila mtafiti.

4. Andika idadi ya makala, mara zilizonukuliwa na fahirisi ya h. Fahirisi ya 12 maana yake ana makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12. Ruzuku za utafiti za serikali ya Marekani zipo NIH RePORTER, tovuti ya taasisi zao za afya (NIH), bure.

5. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fahirisi ya h haishuki, kwa hiyo mkongwe atamshinda kijana hata kama ameacha kuandika. Hirsch aliyeipendekeza mwaka 2005 alishauri uigawe kwa miaka tangu makala ya kwanza. Lakini angalia: mwenye shahada mbili amekaa shuleni muda mrefu, na huenda makala yake ya kwanza ilitoka akiwa bado mwanafunzi. Saa yake inaanza kuhesabu kabla hajapata hata ofisi, na mgawanyo unamwonea. Mimi nahesabu makala tangu mwaka aliopewa kazi ya uhadhiri. Tena tenganisha idara! Wa famasia ya kitabibu yuko wodini na wanafunzi, wa kemia ya dawa yuko maabara. Ukiwachanganya, tofauti utakayoiona huenda ni ya idara, nawe utaipa shahada sifa isiyo yake.

6. Linganisha kwa namba ya katikati, si wastani. Mtu mmoja mwenye makala maarufu huvuta wastani wote.

MASWALI

Kijana wa Data: Mkuu, h ngapi ndiyo nzuri?
— Hatua ya 5. Isome yote.

Kijana wa Data: Nimesoma, ila nataka namba tu.
— Namba moja ya watu wote haipo. Taja idara na miaka kazini, tutaongea.

Mama Famasia: Aliye wa 14 kwenye orodha ya waandishi anahesabiwa sawa na wa kwanza?
— Swali zuri sana, dada. Fahirisi ya h haiwatofautishi. Ongeza safu mbili: makala alizokuwa wa kwanza, na alizokuwa wa mwisho, maana kwenye maabara wa mwisho mara nyingi ndiye kiongozi. Majaribio ya tiba yana waandishi wengi, ndiyo sababu nyingine ya kutenganisha idara.

Mwanafunzi Upanga: Naweza kufanya hivi hapa Tanzania?
— Unaweza, ila badili makundi. Kwetu mlango wa taaluma ni Shahada ya Kwanza ya Famasia, basi linganisha wenye shahada hiyo na PhD dhidi ya wenye PhD waliotoka fani nyingine, kama kemia au biolojia.

Karani: Nyongeza: msiondoe vistari vya ORCID kwenye Excel. Inatunza tarakimu 15 tu, ORCID ina 16, ya mwisho inageuka sifuri.
— Asante mkuu. Wekeni safu hiyo iwe maandishi kabla ya kubandika.