Namna ya Kumfikishia Daktari Kipande cha Sikio au Pua Kilichokatika

Sikio, ncha ya pua au kipande cha mdomo kikikatika kwa ajali, kwa panga au kwa kung'atwa na mbwa, mhudumie kwanza majeruhi. Damu ya usoni huingia kooni upesi; kwa hiyo, ikiwa ana fahamu na shingo haikuumia, mkalishe akiwa ameinama mbele, kisha gandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuachia. Kipande kinachoning'inia kwa ngozi kidogo tu kisikatwe kamwe, kwani huenda ngozi hiyo ina mshipa unaoendelea kukipelekea damu.

Kilichokatika kabisa kitafutwe hata kama kimeangukia mchangani. Kisuuze taratibu kwa maji ya chumvi ya dripu, au maji safi yakikosekana hayo, bila kusugua na bila spiriti. Kizungushie shashi iliyoloweshwa na kukamuliwa, kitie katika mfuko usiopitisha maji au kikopo safi chenye mfuniko, kisha uweke mfuko huo ndani ya chombo chenye maji na barafu. Hapa ndipo watu wenye nia njema kabisa hukiharibu, kwa kukilaza juu ya barafu yenyewe au kukitia kwenye friza: nyama ikiganda, seli zake hupasuka, na daktari hukosa cha kuunga.

Andika saa ya ajali juu ya mfuko, majeruhi asile wala asinywe chochote, na mpigie simu mapema hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Mishipa ya sikio mara nyingi haifiki unene wa milimita 1, hivyo huunganishwa chini ya hadubini. Kipande kidogo sana huweza kushonwa tu bila kuunganishwa mishipa. Ugumu mkubwa ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni: zisipopatikana, damu huingia bila njia ya kutoka, kipande hugeuka zambarau, na ndiyo maana baadhi ya hospitali huweka ruba wa tiba ili wainyonye hadi vena mpya ziote. Ndugu wasishtuke wakiwaona.

Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15 mara damu inapotulia, apate chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na ya pepopunda. Baada ya upasuaji asivute sigara, kwa kuwa nikotini huibana mishipa ile ile iliyoungwa.