SOMO: Kupanga bei ya picha za wafanyakazi 100 na kuendelea

Wiki hii peke yake nimeulizwa inboksi mara sita: "Dada, kampuni inataka picha za wafanyakazi 180, niwatajie shilingi ngapi kwa kichwa?" Naandika hapa mara moja, wa saba nitamtumia kiungo. Namba zote ni za mfano, shilingi za Tanzania, kwa mtu aliye Dar. Weka za kwako, ila njia usiibadilishe.

1. Uliza kwanza. Watu wangapi, ofisi ngapi, picha zitatumika wapi, nani anaidhinisha. Anayekupigia akiwa hajui, omba namba ya anayejua.

2. Geuza vichwa kuwa saa. Mtu mmoja, tangu anapokaa hadi anapochagua picha yake kwenye kompyuta, ni dakika 6. Kwa hiyo saa moja ni watu 10. Siku nzima inakupa saa 6 tu za kupiga, maana kufunga taa ni dakika 90, halafu kuna chakula na swala. Watu 180 ni saa 18, yaani siku 3. Anayekwambia anawamaliza wote kwa siku moja anapiga picha za pasipoti.

3. Gharama za siku. Wewe 600,000, msaidizi 100,000, kukodi taa 200,000, usafiri 50,000. Hiyo ni 950,000. Kwa siku tatu 2,850,000. Hata kama taa ni zako, ziandikie gharama ya kukodi. Flashi ikifa hakuna atakayekuchangia.

4. Kuediti. Picha moja ya mwisho kwa kila mtu, dakika 20: ngozi, kola, nywele zilizosimama. Jumla saa 60, kwa 25,000 kila saa ni 1,500,000. Kupanga mafaili na kuyapa majina, 300,000.

5. Jumlisha. 4,650,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura: 5,115,000. Ongeza asilimia 20 ya faida: 6,138,000. Mimi naandika 6,200,000. Mshahara wako ulishahesabiwa kwenye namba 3, hii faida ni ya biashara.

6. WATORO. Hapa soma polepole. Kazi yangu ya kwanza kubwa nilikubali 30,000 kwa kichwa, watu 120. Kichwani nikawa tayari nina 3,600,000, nikachukua lenzi ya 85mm kwa mkopo. Siku mbili tulizopanga zikaisha nimepiga watu 71. Wengine wako safari, wengine likizo, wengine kikaoni, na kuna waliochungulia mlangoni wakasema leo hawajapendeza. Nikaambiwa, "Tutakuita wakirudi." Nimeitwa mara tano. Siku moja watu tisa, siku nyingine wanne, na siku moja mkuu mmoja tu, niliyemsubiri mapokezi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha akaahirisha. Kila safari taa zilezile, teksi ileile, msaidizi yuleyule anataka hela yake. Mwisho wake walifika 98, nikalipwa 2,940,000. Nikitoa gharama, kilichobaki naona haya kukiandika. Na hakuna aliyenidhulumu! Tulikubaliana kwa kichwa, wakalipa kwa kichwa.

Tangu hapo profoma yangu (karatasi ya bei ninayowapa kabla ya kazi) inasema hivi: "Bei ni ya siku 3 za kupiga, hadi watu 180. Asiyefika hapunguzi bei. Siku ya marudio ni 1,500,000, hadi watu 25, pamoja na kuediti." Onyo: maneno hayo yawepo kabla ya LPO (hati ya kampuni ya kuagiza kazi). Ukiyaleta baada ya watu kutoroka, unaonekana mkorofi. Onyo la pili: fomu ya watu wa manunuzi ikilazimisha bei ya kichwa, jaza, lakini andika idadi ya chini watakayolipia. Mimi huandika 160 kwa orodha ya 180. Onyo la tatu: ratiba ya zamu watengeneze wao, na mtu wao asimame kuita majina. Ukianza kuzunguka idara kwa idara kutafuta watu, taa zinakaa bure na saa zako zinakwenda.

7. Kodi. Kama umesajiliwa VAT, ongeza asilimia 18 juu ya bei. Kama hujasajiliwa, usiiandike kabisa. Kampuni itakukata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka TRA, hapa ni 310,000, mkononi unapata 5,890,000. Dai cheti cha zuio, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye ritani yako ya kodi TRA kuwa umeshakilipa. Wengi hawakidai, halafu wanalipa mara mbili.

8. Malipo. LPO mkononi, nusu kabla, nusu ndani ya siku 30. Matumizi yatajwe: tovuti, vitambulisho, ripoti ya mwaka. Bango la barabarani ni bei nyingine.

Maswali chini.

---

Jicho la Tatu: Mkuu, kwa hiyo watu 50 ni bei gani?

Jibu: Namba 2 hadi 5. Kikokotoo unacho kwenye simu.

Jicho la Tatu: Nimesoma yote ila hujataja bei ya kichwa.

Jibu: Hujasoma yote.

Mpiga wa Mwanza: Milioni sita? Huku jamaa anapiga 10,000 kwa kichwa na maisha yanasonga.

Jibu: Nilisema Dar, na nilisema weka namba zako. Lakini tuhesabu. 10,000 kwa watu 180 ni 1,800,000. Msaidizi, taa na usafiri wa siku tatu ni 1,050,000. Anabaki na 750,000 kwa siku tatu za kusimama na saa 60 za kuediti. Kama yanasonga, namtakia heri.

Mpiga wa Mwanza: Taa ni zake lakini.

Jibu: Namba 3, mstari wa mwisho.

Binti Lenzi: Shikamoo dada. Nina mawili. Watu 180 unajuaje nani ni nani? Na HR akiruhusu, naweza kuziweka kwenye ukurasa wangu kama mfano wa kazi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, maswali mazuri. La kwanza: kabla ya kukaa, kila mtu anashika karatasi yenye namba yake ya kwenye orodha, unapiga fremu moja, kisha unaendelea. Usitegemee kusikia jina. Orodha moja niliwahi kukuta akina Neema watano. La pili: ruhusa ya HR pekee mimi siitegemei. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Nachagua sura tano au sita, namwomba kila mmoja asaini fomu fupi. Anayesita namwacha. Ukitaka fomu yangu njoo inboksi, nitakupa.

Mzee wa Flashi: Nyongeza kwa wenye miwani. Pandisha taa, kisha nyanyua kidogo ile mikono ya miwani juu ya masikio. Kioo kinainama mbele na mng'ao unaondoka. Utaokoa muda mwingi wa kuediti.

Jibu: Asante mzee wangu. Na mwenye ushungi mweusi usimweke mbele ya kitambaa cheusi bila taa ya nyuma, kichwa kinapotea.

Kariakoo Studio: Asiyekuja na koti je?

Jibu: Natembea na makoti mawili meusi, saizi M na XL. Likipwaya nalikaza mgongoni kwa vibanio vya nguo, mbele halionekani. Vibanio vyenyewe navichukua kwenye kamba ya kuanikia, nyumbani wanavitafuta kila Jumamosi.