SOMO: Muziki wa sampo (vipande vya sauti zilizorekodiwa) tupu, bila kinanda wala biti ya kupakua

Wakuu, swali la "nianzie wapi?" limenijaa inbox. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Pakua Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti kwenye kompyuta. Ni ya bure.

2. Rekodi sauti zako mwenyewe: mashine ya kusaga, gereji, stendi. Pierre Schaeffer, Mfaransa aliyetunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, alianza na treni kule Paris mwaka 1948. Sisi Dodoma tuna reli mbili, ya zamani na SGR.

3. Hifadhi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), sample rate 44,100 Hz.

4. Kiwango cha kurekodi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Vilele vya sauti kwenye mita ya kurekodi viishie kati ya -12 na -6 dB (desibeli), visiguse sifuri. Mfano unarekodi mtu akitwanga: mchi ukitua kwenye kinu, kishindo cha kwanza kinazidi mbali mlio unaofuata, kwa hiyo mwombe anayetwanga apige kwa nguvu zake zote, upime hapo kwanza. Sauti ikishapasuka, kilele kimekatwa na hakirudi kama kilivyokuwa. Kuipunguza baadaye ni kupata mpasuko ule ule kwa sauti ndogo tu. Na upepo wetu wa kiangazi msiudharau! Unaipiga maiki mngurumo mzito unaomeza kila kitu. Vika sponji, kaa nyuma ya ukuta. Kama simu yako inapandisha na kushusha sauti yenyewe, zima hicho kipengele.

5. Kata. Chagua kipande, bonyeza Z, ncha zihamie kwenye mstari wa sifuri. Usipofanya hivyo utasikia "tik" kila kinaporudia.

6. Punguza kasi iwe nusu: sauti inashuka okteva moja (kama kutoka do ya juu hadi do ya chini). Mfuniko wa sufuria unageuka kengele nzito. Mimi hapa naweza kukesha.

7. Panga unavyosikia wewe.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, nitumie sampo zako WhatsApp nianze nazo.
— Soma namba 2. Halafu voice note ya WhatsApp inabanwa, ukiipunguza kasi inakwaruza.

Kijana wa Area C: Yangu inapasuka, naweka efekti gani?
— Namba 4. Rekodi upya.

Kijana wa Area C: Lakini masikioni iko poa tu.
— Kuza picha ya wimbi. Vilele vikiwa bapa juu, imepasuka. Sibishani na picha.

Binti Kondoa: Kaka, babu yangu Chamwino anapiga ilimba, ile ala ya Wagogo yenye meno ya chuma. Nikirekodi ule mvumo wa pembeni unapotea. Nifanyeje?
— Swali zuri sana dada. Ule mvumo unatoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la kisanduku. Sogeza maiki karibu na tundu, kiganja kimoja hivi, kidogo kwa pembeni. Rekodi kila jino peke yake, uliache lilie mpaka linyamaze, kisha babu apige wimbo mzima. Mweleze unataka kuzifanyia nini, na kazi ikitoka jina lake liwepo.

Binti Kondoa: Na zeze je?
— Kwa zeze weka maiki mbali zaidi, upinde unakwaruza. Ila rekodi na huo mkwaruzo pekee, ukiupunguza kasi unapata besi. Ukimaliza tuwekee hapa tusikie.