Maafa yakitokea nje ya nchi, kanisa lenu hapa Dodoma lifanyeje msaada ufike kweli

Kimbunga kikipiga huko nje au ardhi ikitetemeka, picha zinaingia kwenye grupu la kwaya kabla hata redio haijasema, na ikifika Jumapili utakuta kuna mama ashaanza kukusanya nguo. Hapo ndo pa kumuwahi, kwa upole lakini, maana moyo wake uko sawa kabisa, ila nguo zisiende.

Piga hesabu tu. Kutoka hapa mpaka Blantyre unashuka Iringa, Mbeya, Kasumulu, unavuka mpaka alafu unaikata Malawi karibu yote toka kaskazini mpaka kusini, hapo kuna mafuta ya lori, dereva, vibali, ushuru na siku za kusubiri mpakani, ukijumlisha unakuta kiroba cha mitumba kimekula hela kuliko bei yake pale sokoni. Na hiyo ni Malawi jirani, Haiti au Uturuki usiseme. Baada ya tsunami ya 2004 kule Aceh, Indonesia, watu wa dunia nzima walimwaga maelfu ya tani za dawa, nyingine zimeandikwa lugha ambayo manesi wa kule hawaisomi, nyingine zimeshaexpire, na watu wenye msiba wao wakabaki na kazi ya kuziteketeza. Maporomoko ya tope ya Hanang Desemba 2023 yalikuwa kitu kingine, mji wa Katesh yalikopiga ni karibu, lori likiondoka asubuhi linafika siku hiyohiyo na mnapiga simu kuuliza kinachotakiwa ni nini. Umbali ukizidi, tuma hela. Hata maji ni hivyohivyo, viwango vya kimataifa vya misaada vinataka angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, sasa utayabeba vipi toka Dodoma ambako sisi wenyewe tunayasubiri kwa mgao?

Hela inapita wapi sasa? Inapita kwenye ngazi ya kanisa lenu wenyewe, na hapa ndo makanisa mengi yanajisahau yanaanza kutafuta namba za watu Facebook. Wakatoliki mna Caritas, shirika la misaada la kanisa lenu, parokia inapeleka jimboni, jimbo linapeleka Caritas Tanzania na wao wanajua nani wa kumkabidhi nchi husika. Walutheri wa KKKT ni usharika, jimbo, dayosisi, alafu makao makuu Arusha ambao wako ndani ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Waanglikana pitieni ofisi ya dayosisi, Wasabato mna ADRA, shirika lenu la misaada. Kama kanisa lenu limejisimamia lenyewe halina ngazi ya namna hiyo, makao makuu ya CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yako hapahapa Dodoma, nendeni mkaulize, au pelekeni Msalaba Mwekundu. Kitu cha kuangalia ni kimoja, je hao mnaowapa walikuwepo kule kabla ya maafa? Aliyekuwepo anajua njia ipi imekatika na mzee yupi hawezi kutembea kufuata foleni. Mgeni anayeshuka na ndege anaanza kwa kuuliza hoteli iko wapi.

Na si jambo jipya, Matendo 11 kanisa la Antiokia walisikia njaa inakuja wakachanga kila mtu kadiri alivyoweza, wakapeleka kwa wazee wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Yaani watu waliowajua.

Kuchangisha kwenyewe: tangazo liwe fupi, litaje nchi, litaje mtakayepitishia, litaje mwisho wa mchango ni lini. Weka lipa namba ya kanisa, si simu ya mchungaji hata kama ni mtakatifu kiasi gani, maana siku line ikipotea maneno yatakuwa mengi. Wahesabu wawe wawili au zaidi, waandike na kusaini palepale kabla hela haijaondoka mezani. Asiye na hela alete kuku, mayai, karanga, zabibu, vipigwe mnada nje baada ya ibada, na wote tunajua kuku wa mnada wa kanisani anauzwa bei ya mbuzi. Mkitaka kutoka na makopo barabarani kuchangisha wapita njia hapo ulizeni kwanza ofisi ya wilaya, msije mkapelekana polisi kwa jambo jema.

Sasa msimu, na hili naona linasahaulika kuliko yote. Kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi katikati ya Machi 2023, zaidi ya watu 600 walithibitika kufa na mamia hawakuonekana tena, tena nchi ilikuwa tayari kwenye kipindupindu kibaya kuliko vyote walivyowahi kuwa navyo. Idai nayo ilipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019. Machi kule mahindi yako shambani yanakaribia kuvunwa, kwa hiyo aliyepona na maji anakuja kukutana na njaa Desemba, Januari, wakati kamera zishaondoka zamani. Sisi watu wa mtama na uwele hatuhitaji kufundishwa hilo, mwaka mvua ikikatika Februari unajua kabisa njaa itabisha hodi lini. Na huku kwetu Machi ghala ziko tupu, ukichangisha mwezi huo unapata kidogo na watu wanaumia bure. Kwa hiyo gawa mara mbili, mchango wa haraka wiki ileile hata ukiwa mdogo, alafu mkubwa Sikukuu ya Mavuno watu wakiwa na mazao, na huo wa pili muandike kabisa kwenye barua kwamba ni wa mbegu na chakula cha miezi ya baadaye.

Kuhusu kusafiri kwenda kusaidia, kama si daktari au fundi aliyeitwa kwa jina, nauli yenu iwekeni kwenye kikapu cha mchango. Na suala la kuchukua yatima msilisogelee. Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 kikundi cha Wamarekani wa kanisa walikamatwa wakiwavusha watoto 33 mpakani kwenda Jamhuri ya Dominika, kumbe wengi wazazi wao wapo hai.

Mimbarani mchungaji asianze kutafuta dhambi ya waliokufa. Na isitangazwe kwamba ni msaada wa waumini wenzetu tu, tetemeko la Februari 2023 Uturuki na Syria lilikuta wengi ni Waislamu na makanisa yalichanga vilevile, na kanuni za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada toka 1994 zinasema msaada hautolewi kwa kuangalia dini wala kabila.

Hela ikishatoka, mhazini adai risiti na barua ya mapokezi, ibandikwe ubaoni isomwe na kwenye matangazo, kiasi kilichopatikana, kilichokatwa benki, kilichofika. Miezi sita ikipita hamjapata hata mstari mmoja, andikeni kuuliza, na wakikaa kimya tena, maafa yajayo mpitishie kwingine.